Chuma Kaburini kwa Jairus Walubengo

KITUO CHA POLISI, TONGAREN
Maelezo ya shahidi kuhusu kuingiliwa kwa kaburi

Jina: Wilkista Naliaka Walubengo
Umri: miaka 58
Kazi: mkulima wa mahindi
Makao: bondeni, karibu na soko la Naitiri
Tarehe: Jumamosi, 6 Februari 2010

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Ninaeleza kwa hiari yangu mbele ya Konstebo Cherono.

Mume wangu, Jairus Walubengo, alifariki hospitalini Kitale mwezi wa Desemba. Mnamo tarehe 2 Januari tulimzika nyumbani, kwenye pembe ya shamba chini ya nguzo ya simu. Alipenda kukaa hapo asubuhi akisubiri watu wa maziwa. Binti yetu wa pekee, Nabwile, anafanya kazi za nyumbani huko Doha, na mwajiri wake hakumruhusu kuja. Simu ya mkononi haishiki kwetu, kwa hiyo yeye hupiga simu yetu ya mezani kila Jumapili baada ya kanisa. Nilimwahidi kumsimulia mazishi yote, polepole, mpaka awe kama mtu aliyekuwepo.

Siku ya kunyoa nywele, baada ya mazishi, watu walikaa uani, na kila aliyekuwa na neno na marehemu akalisema. Jirani yetu Wakoli, ambaye shamba lake limepakana na letu upande wa kaburi, alisimama akasema, "Mimi na Jairus hatukuwa na neno. Mpaka wetu ni safi. Huyu mama asisumbuliwe na mtu." Nilimshukuru. Nilimfungia nyama awapelekee watoto.

Katikati ya Januari Wakoli aliwazungushia nguruwe wake fensi ya stima. Jumapili iliyofuata Nabwile alipopiga, laini ilikuwa inagonga, tak, tak, tak, kama mtu anayebisha mlango na hataki kwenda zake. Nabwile akasema, "Mama, sikusikii. Unalia ama ni laini?" Sikuwa nalia. Katika kusimulia nilikuwa nimefika mahali ambapo jeneza linashushwa kutoka kwenye gari. Ilibidi tuache. Jumapili zilizofuata ikawa vilevile.

Juzi Alhamisi nilienda Kitale, kwenye ofisi ya simu. Fundi Rotich, ambaye amewahi kuja kwetu kuunga laini, aliniambia gari haliko wiki hii. Aliniuliza, "Mama, jirani ana fensi ya stima?" Nikasema anayo. Akasema, "Basi chukua redio ndogo, iweke mahali hakuna stesheni, utembee nayo kando ya fensi. Itagonga hivyo hivyo. Pale itagonga sana, ndipo stima inaingilia laini yako."

Nilichukua redio ya Jairus. Kifuniko cha betri kilipotea zamani, na yeye alizifunga kwa mpira wa baiskeli. Bado uko. Jana Ijumaa asubuhi nilitembea nayo. Kando ya fensi iligonga kidogo. Nilipoukaribia mpaka ikaongeza. Nilipofika kaburini ikagonga mpaka spika ikakoroma. Nilidhani nimekosea. Nikarudi nyuma, nikaja tena. Ilikuwa ni hapo.

Nililiinua shada la akina mama wa kanisa. Chini yake, upande wa kichwa, kulikuwa na chuma kimepigiliwa ndani ya udongo, kimebaki juu kama urefu wa kidole. Kilifungwa waya uliopita chini ya nyasi hadi kwenye kisanduku cha fensi ya Wakoli. Nilikimbia nikatapika upande wa migomba, nisimtapikie Jairus.

Nilimwita Wakoli. Alikuja akitafuna muwa, mke wake nyuma yake. Akasema, "Mama Nabwile, si ni chuma tu? Lazima kikae kwa udongo wenye maji, ndio nguruwe wasikie shoti ya fensi. Kiangazi hiki kwingine kote ni kukavu kama tofali. Na hapo wewe mwenyewe unamwaga maji kila jioni."

Ni kweli. Nilikuwa nachota maji kijitoni ili nyasi ishike kabla ya Nabwile kupata ruhusa ya kuja. Nikimwaga, namwambia Jairus habari za siku. Kumbe nilikuwa nawamwagilia nguruwe wa Wakoli.

Nilimwambia akitoe. Alicheka. "Ati Jairus amelalamika? Huyo ndiye mtu wa pekee hapa hawezi kupigwa shoti, bana." Mke wake akamwambia, "Baba, nyamaza." Hakunyamaza. Alisema atakitoa mvua ikinyesha.

Mtu huyu alishika koleo siku ya kuzika. Alijua kichwa kiko upande gani. Sitaki kumzungumzia zaidi, kwa sababu nikitaja jina lake nasikia ladha ile ya jana mdomoni.

Chuma sikukigusa. Nataka aliyekipigilia akitoe kwa mkono wake, watu wakiona. Kesho ni Jumapili, Nabwile atapiga. Siwezi kumwambia mtoto jinsi baba yake alivyozikwa huku chuma hicho kinatugongea masikioni. Naomba kitoke kabla hajapiga.

Niliyosema hapa niliyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu. Nimesomewa, na ndivyo nilivyosema.

Sahihi: W. N. Walubengo

Maandishi ya afisa: Nimeyaandika maelezo haya mimi, Konstebo Cherono, na kumsomea shahidi kabla ya kutia sahihi. Tarehe 7 Februari asubuhi nilifika mahali hapo. Chuma kilikuwepo kama alivyoeleza. Wakoli alizima fensi na kuking'oa mwenyewe mbele ya majirani. Kimehifadhiwa kituoni kama ushahidi, naye ameagizwa kufika hapa Jumatatu. Shahidi alikataa tundu lizibwe kwa udongo wa upande wa Wakoli. Alileta udongo wake kwa beseni. Nikiwa bado pale, ndani ya nyumba yake, simu ya mezani ililia. Aliinua mkono wa simu, akasikiliza kwanza kama laini bado inagonga. Kisha akaketi, akaanza kusimulia mazishi. Nilitoka nje.