Rafu za Kabati la Kamlesh

Jagadhri, 6 Machi 1994

Mwanangu Kamlesh,

Ram Ram. Sisi huku hatujambo, ila goti la mama yako linamsumbua. Wewe, mumeo na wakwe zako mu wazima? Tangu arusi nyumba imepoa. Hakuna wa kunigombeza ninapoingia jikoni na vumbi la mbao.

Kabati lilifika salama? Plaiwudi bado ni ngeni mikononi mwangu. Kwa sasa usipange vyombo vya shaba rafu ya juu. Gundi inataka muda.

Ni mimi, Baba yako

Karnal, 2 Aprili

Baba,

Nagusa miguu yako. Sote wazima. Mpe mama pole ya goti.

Barua yako ilinikuta nimeshachelewa. Walikuja wageni kumtazama bibi harusi, na tukiwa kwenye chai rafu ya juu ikachomoka, ikaibomoa ya pili, vyombo vyote nilivyokuja navyo vikamwagika miguuni pao. Mama mkwe alingoja waondoke, kisha akasema, “Fundi mzima, na binti anaye mmoja tu. Angekuwa nao watano ingekuwaje?” Wifi Premlata akaokota bonge la gundi na unga wa mbao lililotoka kwenye mfereji uliochimbwa kushikia rafu, akaniuliza kama kwetu uji tunaupika hivyo.

Nilisema nimezidisha uzito mimi. Lakini Baba, ule uji niliuona. Ubao ulikuwa unacheza mferejini, nawe ulijua. Nilikuonea haya, kisha nikajionea haya mwenyewe kwa kukuonea haya.

Binti yako

Karnal, 19 Juni

Baba,

Nagusa miguu yako. U mzima? Mbona kimya?

Shemeji Dharampal anasema mwezi uliopita alikukuta kituo cha mabasi hapa mjini, na mfuko wa zana begani, ukamwambia umekuja kununua misumari. Jagadhri imeishiwa misumari? Nimemwomba asiseme kwa mtu.

Vyombo viko sakafuni, nimevifunika kitambaa. Kila anayepita hukinyoosha kile kitambaa, mradi nimwone. Kama kuja kumekushinda, nifundishe.

Binti yako

Jagadhri, 27 Juni

Mwanangu,

Ram Ram. Mwili mzima, uso ndio sina.

Nilifika hadi mlangoni kwenu. Nikamsikia mama mkwe wako akimwonya muuza maziwa asipige chafya karibu na kabati la fundi. Nikageuka. Maisha yangu yote nimewafokea wenzangu kwa kazi ya namna ile. Plaiwudi ilipigwa mhuri wa milimita kumi na nane, nami nikachimba mifereji ya kumi na nane bila kuupima ubao. Kumbe ulipungua karibu milimita nzima. Arusi ilikuwa kesho yake. Nikajaza uji.

Nakutumia patasi yangu nyembamba na vipande vya ubao laini. Kwangua gundi yote ya zamani. Bandika kipande ukutani mwa mfereji, upande wa juu, kikauke. Kisha kipunguze kidogo kidogo, ukijaribu rafu yenyewe kila mara, maana kila ubao una unene wake. Ikiingia yenyewe, imelegea. Ikidai nyundo, imebana, na gundi ikiivimbisha itaupasua mfereji. Iingie kwa kusukumwa na kiganja. Rafu usiipige msasa baada ya hapo, utailegeza tena.

Baba yako

Karnal, 24 Julai

Baba,

Nagusa miguu yako. Sote wazima.

Mfereji wa kwanza niliuharibu, nikabandika upya. Wa pili, mama mkwe alikuja akasimama nyuma yangu, akatazama, kisha akanishikia ubao. Rafu iliingia taratibu, ikakaa. Ilipokauka alipanda kigoda, akaishika kwa mikono miwili akaning'inia, na mwili wake unaujua. Haikutikisika.

Juzi aliwaambia majirani kabati hili amelitengeneza mkwe wake, yaani mimi. Nikala sifa zako, na usingizi ukanikimbia. Asubuhi nikamwambia kabati ni la Baba, na hata kulitengeneza amenifundisha yeye kwa barua, baada ya kufika mlangoni na kugeuka. Alichambua dengu zake mpaka zikaisha. Halafu akasema, “Alifika mlangoni kwangu akarudi? Mwandikie aje. Na safari hii aingie.”

Najua kwa mila yetu baba hanywi hata maji katika nyumba alikomwoza bintiye. Basi njoo na maji yako, Baba. Lakini uingie ndani.

Binti yako