Tangazo Nyuma ya Mlango

Rukanga, 4 Juni 2025

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku tu wazima, isipokuwa goti la Nyanya. Wewe u hali gani huko Voi? Nakuandikia barua kwa sababu simu ya Nyanya huongea kwa spika, na majirani hujibu kabla yake. Mama Wayua anayeuza ndengu atakuletea.

Baba, bomba jipya la maji litapita wapi? Kila asubuhi nachota maji mbali, na hisabati huisha kabla sijafika darasani. Naibu chifu anasema hajui. Wewe ni tarishi wa ofisi kubwa, labda umesikia.

Mwanao, Abby

Voi, 6 Juni 2025

Mwanangu Abby,

Marahaba. Mimi sijambo. Mpe Nyanya pole. Habari za bomba sizijui. Soma kwa bidii.

Baba yako, Festus

Voi, 7 Juni 2025

Abby, mama,

Natumaini goti lina nafuu. Barua ya jana ilikuwa ya uongo. Jumanne nilitumwa huko Rukanga, nikapita nyumbani bila kuingia, kwa aibu ya kazi niliyopewa.

Jumatatu mpeleke Nyanya ofisini kwa naibu chifu. Aseme upepo unamuumiza, kisha mfunge mlango. Mimi sijakuambia kitu. Choma barua hii.

Baba yako

Rukanga, 13 Juni 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nyanya amecheka mpaka amesahau goti.

Tulifunga ule mlango, na nyuma yake tukakuta tangazo: mkutano wa maoni kuhusu bomba, Ijumaa saa nne! Mlango hukaa wazi kutwa, hivyo lilikuwa limebanwa ukutani.

"Wallahi sikujua," akasema naibu chifu. Nilimwamini, alikodoa macho kutushinda.

Nyanya akakipigia simu kijiji kizima. Leo tumefika watu mia mbili. Afisa alikuja na ripoti iliyokwisha kupigwa chapa: "Wananchi hawakufika." Mzee Crispus akamwuliza, "Basi sisi ni mbuzi?"

"Nani aliwaambia?"

"Goti langu," akajibu Nyanya.

Bomba lilikuwa liende shambani kwa mkubwa fulani. Sasa litaanza shuleni. Wameandika na kutia sahihi, nami nimesoma mwenyewe.

Barua yako niliichoma, lakini nilikuwa nimeikariri.

Mwanao, Abby

Voi, 20 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba, na heko. Leo nimetumwa Makwasinyi na tangazo la zahanati. Nimelibandika kwenye kinu cha mahindi, penye foleni, kisha nikawasomea kwa sauti. Bosi akiniuliza nani aliwaambia, nitamwambia ni mimi.

Kesho nakuja nyumbani. Nitaingia.

Baba yako, Festus