Viatu Nilivyoviacha Mikinduri

Mpendwa Mwenda,

Sisi ni wazima, na nyanya yako anavuna maharagwe. Unaniomba baraka uache chuo ucheze poka kwenye simu, eti ni akili, si kamari. Nimekasirika!

Nilipokuwa karani kijana, mwoga, mcheza karata wa soko la Mikinduri alinila hadi viatu. Nikiondoka peku alinicheka: "Karani, polepole, kuna miiba!" Kesho yake nilificha miguu chini ya meza ya ofisi, nikihofia kufutwa. Yeye pia alijisifu akili. Lakini tulipokutana kanisani aliinamisha macho, kwa sababu alijua alichonifanyia.

Wewe humjui hata jina huyo uliyemshinda jana. Utamwinamishia nani macho? Baraka hiyo sina.

Babu yako