Mchoro wa Kifuniko

Kijiji cha Liushugou,
Gansu.
14 Oktoba 2023

Mpendwa wifi Yinhua,

Hujambo huko Guangzhou? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi tunasukuma siku. Mama anakula kidogo mno. Mianmian ameota meno mawili. Akining'ata hunitazama kwa macho ya kaka yako, nami nashindwa kumkemea.

Leo ni siku ya arobaini na moja tangu tumzike Yintang. Pilipili zimeiva, majirani wamewasha tena makaa ya mawe ya kuzikaushia, na moshi ule ule uliomla mapafu unaingia hadi kitandani kwa mtoto. Uani kwetu tunatumia kile kikaushio chake cha jua.

Nilikwenda mjini kukiombea hataza, ile karatasi ya kusema kitu hiki kimebuniwa na fulani. Binti wa ofisini akauliza kama watu wamekwisha kukiona. Nikamwambia kijiji kizima, maana unajua kwetu, kitu kipya kikianza kazi kila nyumba huja kukigusa na kula tambi. Mzee Gou hata alikipiga picha akaisambaza kwenye simu. Binti akaweka kalamu chini. "Dada, kilichoonwa na wote si kipya tena."

Nililia palepale, wifi. Akanipa maji, akauliza kama kuna chochote ambacho hakijaonwa. Nikakumbuka kile kifuniko kinachojifungua chenyewe unyevu ukizidi, alichokichora hospitalini. Akasema hicho kinaweza kufaa, na kwamba ombi moja hufungua njia ya nchi nyingi, ili wanaotaka kukausha chakula bila moshi wamjue mwenyewe aliyekibuni. Hata marehemu jina lake huandikwa.

Lakini mchoro haupo. Mama aliuchoma kaburini siku ya saba, pamoja na nguo zake, vimfuate huko aliko. "Huko atafanyia nini kazi?" alisema. Sijamlaumu. Tangu nimweleze kwamba unahitajika, chakula kinamshinda.

Nakala iliyobaki ni ile aliyokutumia wewe. Niletee kwa posta, uifunge vizuri, asiione hata mume wako. Mzee Gou, kwa kuwa simwambii nilichokifuata mjini, ameshaanza: "Mke wa Yintang, siku hizi mnaficha hata jua?" Mwache acheke.

Ombi likipokelewa, siku ya mia nitamchomea Yintang nakala ya karatasi ya ombi yenye jina lake, aisome mwenyewe. Ile halisi nitamwekea Mianmian.

Wasalimie shemeji Lu na watoto. Mbingu ziwafunike nyote.

Wifi yako akupendaye na kukungoja,
Dou Qiaozhen