Miwani Iliyopima Ubongo Wangu

Nangara, Babati

Baba Paskali,

U mzima huko Dareda? Wewe uliyesema ubongo wangu umechakaa, nikuachie shamba, soma hapa. Mjukuu wako Theresia, anayesomea ubongo, amenivalisha miwani inayofanya vitu vionekane vimesogea pembeni, akasema nirushe magunzi yaingie kwenye ndoo. Nilijisifu weee, halafu gunzi likampiga tumboni mwalimu wake wa chuo aliyesimama kando ya ndoo! Nikarudia mpaka yakaingia, nikavua miwani kwa maringo. Mwalimu akanyoosha mkono, "Shikamoo, bibi." "Marahaba," nikaitikia, mkono wangu ukaingia mfukoni mwake kama wa kibaka. Theresia akacheka: "Bibi, ubongo wako unajifunza upesi! Umeshaizoea miwani, wenyewe bado haujajua kwamba wewe umeivua."

Umesikia, mzee? Upesi! Kunywa uji, ufunge mbuzi. Nakupenda na ubishi wako, ila jembe langu usimpe mtu.

Mama Paskali