Perege kwa Mbele

Same, 4 Machi 2024

Mdogo wangu Asteria,

Salamu. Nyumbani ni wazima, isipokuwa mimi, na sababu unaijua. Umesimama kwenye mkutano hapa Same, mbele ya watu wa Suji niliowafundisha kuchimba mabwawa, ukasema picha zangu zinadanganya. Perege mia nne nimewalaza ubaoni mmoja mmoja, nikawapiga picha, nikawapima. Ninaowafuga bwawani kule Kileo wana umbo lile lile la perege wa ziwani. Ungeshindwa nini kuniambia kwanza?

Kaka yako,
Hezroni

Morogoro, 15 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini wifi Ernesta na mtoto hawajambo. Nilikupigia mara sita kabla ya mkutano, hukupokea. Picha inaona ubavu tu. Mashine yetu hapa chuoni inamzunguka samaki pande zote, na samaki wako ni wembamba mgongoni. Ukigawa vifaranga vyao, watu watafuga miiba.

Mdogo wako,
Asteria

Same, 2 Aprili

Asteria,

Marahaba. Hatujambo. Mashine yako imepima samaki kumi na wawili, unataka kunifundisha kazi ya miaka tisa! Vifaranga nagawa tarehe mosi Juni. Na kwenye ubatizo wa mwanangu Jenifer usije.

Kaka yako,
Hezroni

Morogoro, 11 Mei

Kaka,

Shikamoo. Mwanao amebatizwa shangazi yake hayupo. Nimelimeza hilo.

Nimepima samaki mia moja kwa njia zote mbili. Urefu, kimo, kichwa, mkia: picha zako ziko sahihi sawa na mashine. Kusema zinadanganya nilikosea. Lakini unene haziuoni. Usiniamini mimi, mkate perege katikati, umtazame kwa mbele. Ripoti nimeiandika kwa majina yetu wawili.

Mdogo wako,
Asteria

Same, 27 Mei

Asteria,

Marahaba. Futa jina langu.

Nilikata kumi wangu na kumi wa ziwani, nikawapanga mezani. Ernesta akatazama, akauliza, "Baba Jenifer, hawa wa kwako walikuwa wanaumwa?" Jumamosi nikapanda Suji, nikawaambia watu wale wale wasichukue vifaranga vyangu. Mzee Eliezeri wa huko alicheka mpaka akakaa chini.

Ulilosema ni kweli. Ulivyolisema sijakusamehe, na kwangu usije.

Hezroni