Ufalme Uliomhubiria Bibi

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Nyakato, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda anakofanya kazi mume wangu. Wiki iliyopita jumuiya ilisali kwetu, wakaniomba nieleze maana ya ufalme wa Mungu. "Wewe ni mtoto wa katekista," mwenyekiti alisema, "haya umeyanyonya." Nikasimama, nikafungua kinywa. Mbele ya macho yangu nikamwona bibi tu, ameketi juu ya kinu, nje ya nyumba isiyo na paa.

Wewe ndiye uliyenifundisha neno hilo, katika kigango chetu cha udongo nyuma ya vilima vya Mkolani. Ulipenda kutusimulia jinsi Wakristo wa kwanza walivyoweka mali zao pamoja, hata hapakuwa na mhitaji kati yao. Kwa hiyo serikali ilipotangaza kwamba watu waache kaya zao zilizotawanyika, wakaishi pamoja kwenye kijiji cha ujamaa, ulifurahi kuliko mtu yeyote niliyemjua. Dominika ile ulisimama mbele ya altare ukasema, "Ndugu zangu, tulichokuwa tunakiomba kimefika. Shule, zahanati, maji, shamba moja. Ufalme wa Mungu umefika mpaka kwetu Usukumani."

Nilikuwa mtoto, nikaamini kila neno.

Bibi, mama yako mzazi, hakuamini. Kaburi la babu lilikuwa karibu na zizi, naye alisema hawezi kumwachia fisi mume wake.

"Mama," ulimbembeleza, "ufalme unawataka watu wanaokubali kuacha."

"Huo ufalme wako," bibi alikujibu taratibu, "mbona unakuja na lori?"

Wazee wengine walikuwa wanasubiri waone utamfanyaje mama yako. Ulilijua hilo. Asubuhi lori lilipofika, wewe mwenyewe ulipanda juu ya nyumba yake, ukaanza kung'oa nyasi za paa. Nilikusikia ukimwambia mama yangu, "Mama wa katekista akibaki, nani atahama?" Bibi aliketi nje juu ya kinu chake, hakupiga kelele wala hakulaani. Walipompandisha alishika ubao wa lori kwa mikono miwili, akatazama zizi mpaka lilipopotea.

Kijiji kipya kilikuwa vigingi tu, vimepigwa kwa mistari kwenye mbuga ya udongo mweusi. Mvua ilitukuta hatujasimamisha hata ukuta mmoja. Bibi alilala chini ya turubai pamoja na sisi na familia nyingine, akaanza kukohoa. Zahanati nayo ilikuwa kigingi. Alifariki asubuhi, mama akiwa anamkorogea uji. Tukamzika kwenye tope, mbali na babu.

Dominika iliyofuata padre hakufika, ukaongoza ibada wewe. Tulipofika kwenye Baba Yetu ulisema, "Jina lako litukuzwe," kisha ukanyamaza. Watu wakaendelea peke yao, "Ufalme wako ufike," kwa sauti za kusitasita, wakikutazama. Ukaungana nao kwenye "utakalo lifanyike". Nilidhani umekabwa na kilio. Lakini Dominika nyingine ikawa hivyo hivyo, na nyingine, mpaka watu wakazoea.

Hukuacha kazi ya kanisa, ila mahubiri yako yakawa mafupi. Mchana ulizunguka kuwaezekea wajane nyumba zao, sisi tukiwa bado chini ya turubai. Mama alilalamika, wewe ukachukua panga ukaenda kukata nyasi nyingine. Namkumbuka mjane mmoja aliyekuja kukushukuru: "Katekista, nimelala pakavu." Uliinamisha kichwa kama mtu aliyetukanwa. Nadhani ulikuwa unamfikiria yule ambaye hakulala pakavu.

Ulipolazwa hospitali mjini, katika siku zako za mwisho, nilithubutu kukuuliza kwa nini katika Baba Yetu unaruka maneno ya ufalme.

"Nilimwambia mama yangu ufalme umekwisha kufika," ulisema. "Nitamwombaje Mungu kitu nilichotangaza kwamba nimekwisha kukipokea?"

Kisha ukaniomba nikugeuze, ukaelekea ukutani.

Nimekukasirikia, baba, na hasira hiyo haijawahi kupunguza upendo wangu kwako. Hukusema uongo; ulitamani kitu kizuri, ukakitamani haraka mno, na mama yako akawa njiani. Nayo shule ilijengwa baadaye. Ndiyo iliyonifundisha kuandika hivi ninavyoandika. Siwezi kuibeza, na siwezi kuisifu bila kumwona bibi ameshika ule ubao. Ndiyo maana usingizi wangu hauna raha tangu siku ile ya jumuiya.

Maelezo waliyoyataka sikuwa nayo. Niliwasimulia haya tu, nikakaa. Kisha jirani yetu mmoja, mama wa Kihaya, akaniuliza, "Bibi aliitwa nani?"

"Kabula," nikasema.

"Basi tumwombee Kabula."

Wakamwombea, watu ambao hawakumjua, kwa jina lake. Hapo ndipo nilipotambua kwamba katika mahubiri yako yote ya ufalme sikumbuki kama uliwahi kutaja jina la mtu. Ulitaja shule, zahanati, maji na shamba. Huenda Mungu huanza na majina. Sina uhakika, na naogopa kuhubiri jambo nisilo na uhakika nalo, kwa maana nimeona linavyoweza kuua.

Kama mmekutana huko uliko, usimweleze kitu. Mwache yeye aseme kwanza.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.